Gari la Kiitaliano lililolala miaka arobaini Tororo, na fundi aliyebeba lawama zake

Wakuu, salamu kwenu nyote, walioko kazini na wanaojifanya wako kazini.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu muda mrefu. Leo nimeona nami niweke changu. Ninayoyaandika niliyaona kwa macho yangu na mengine niliyafanya kwa mikono yangu, likiwemo moja ambalo sijivunii. Majina ya watu nimebadilisha. Jina la gari pia sitalitaja, maana madalali wa magari ya zamani wakijua liko wapi, yule mzee hatapata hata nafasi ya kunywa chai.

Mimi ni fundi, niko Busia upande wa Kenya. Kazi yangu hasa ni kuchomelea aluminiamu. Kama hujawahi kuchomelea aluminiamu, usinidharau. Chuma kinakuonya kabla hakijayeyuka. Aluminiamu inakaa kimya, kisha inadondoka yote mguuni kwako.

Mwaka juzi nilipigiwa simu na jamaa anaitwa Twaha, wa Tororo, Uganda. Familia yao ni ya Waislamu wa mjini, wasafirishaji tangu zamani. Akaniambia baba yake, Haji Juma, ana gari dogo la zamani na anataka liamke.

Nikajua ni Peugeot. Wazee wote wa huku wana Peugeot moja imelala nyuma ya nyumba, kuku wanataga ndani.

Nikavuka mpaka, nikaenda. Kuku walikuwepo kweli. Lakini Twaha alipovuta turubai, nilirudi hatua moja nyuma nilitazame vizuri.

Milango miwili. Boneti ndefu. Paa limelala kwa nyuma vizuri mpaka unataka kulipitishia mkono. Usukani kushoto. Rangi ya bluu iliyopauka, vumbi kidole kizima. Gari la Kiitaliano la miaka ya sitini, la aina ile wenyewe wanaiita gran turismo, yaani gari la watu wawili kusafiri mbali, kwa kasi na kwa raha, asubuhi nchi hii, jioni nchi nyingine.

Tororo, wakuu! Kwenye stoo ya magunia!

Haji Juma alikuwa ameketi kwenye kiti pale mlangoni. Amevuka themanini, macho yamebaki kuona mwanga na vivuli tu. Akaniuliza, "Fundi, umeliona?"

Nikamwambia nimeliona.

"Mimi hapana kuliona tena. Lakini sikio iko. Nataka nisikie hii gari tena kabla sijakwenda."

Sasa historia yake kwa ufupi, kama alivyonisimulia kwa vikao vingi vya chai ya tangawizi.

Gari lilikuja na injinia Mwitaliano aliyekuwa kwenye kazi ya barabara. Lilishushwa Mombasa, likapanda treni mpaka Tororo. Yule Mwitaliano alipomaliza mkataba akamuuzia Haji, ambaye wakati huo alikuwa kijana mwenye malori mawili na kiburi cha malori kumi (maneno yake mwenyewe hayo). Kila Ijumaa baada ya swala alikuwa akiliendesha mpaka Busia na kurudi, bila sababu yoyote. Watu wakitoka madukani kulitazama.

Halafu ikaja miaka ya vurugu. Spea hakuna, petroli ya kupimiwa kwa chupa. Gari likaendelea kutembea hivyo hivyo, kwa sababu Haji alikuwa na fundi mmoja mzuri sana, mtu wa Mukuju, nje kidogo ya Tororo, anaitwa Othieno.

Hapo sauti ya Haji ikabadilika.

"Huyo mutu ya Mukuju ndiyo iliniulia gari."

Kisa chenyewe: ndugu yake Haji alikuwa anaoa Busia, na Haji ndiye wa kumpeleka bwana harusi. Wiki ile ile Othieno alikuwa ameifungua injini. Siku ya harusi, nusu ya njia, moshi mweupe, injini ikafa. Bwana harusi akafika ukweni amekaa kwenye gari linalovutwa kwa kamba, na linalovuta ni lori la Haji mwenyewe lenye harufu ya samaki. Ukweni walicheka mpaka wakasahau kupokea mikoba.

Haji alirudi Tororo akaenda moja kwa moja kwenye mstari wa magereji, akasimama katikati, akamwambia Othieno mbele ya watu wote kwamba hajui kazi, ameua gari, na yeyote atakayempa kazi asije kwake kuomba malori ya kutengeneza. Othieno akakusanya spana zake akarudi Mukuju. Gari likasukumwa stoo.

Wakuu, niliposikia jina hilo niliweka kikombe chini.

Kwenye magereji ya huku, pande zote mbili za mpaka, fundi akifunga kitu vibaya tunasema amefanya "kazi ya Othieno". Nimelisema hilo neno miaka kumi na tano. Nimelisema kwa wanafunzi wangu, kwa wateja, hadi kwa fundi wa paa la nyumba yangu. Nilidhani ni msemo tu. Sikuwahi kujua ni mtu, ana kwao.

Basi, kazi ikaanza.

Sitawachosha na mambo ya bodi. Sakafu ilikuwa imeliwa na kutu, tukaikata yote. Panya walikuwa wamefanya makao kwenye viti, vizazi na vizazi. Raba za vioo niliagiza Italia kupitia mtandao kwa kutumia Kiitaliano cha kutafsiriwa na simu, na mzee mmoja wa huko alifurahi sana, akawa ananitumia picha za mbwa wake.

Siku moja nilivuka mpaka na kipande cha injini kwenye bodaboda. Ofisa akauliza ni cha gari gani. Nikamwambia la Kiitaliano la miaka ya sitini. Akanitazama, akasema, "Andika Probox tupumzike."

Tuendelee.

Siku niliyofungua injini ndiyo siku ya uzi huu.

Injini ile ni aluminiamu tupu. Kabla sijagusa nati yoyote ya silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, nikapangusa uchafu na kitambaa. Nikaona mstari mwembamba wa rangi nyeupe juu ya nati. Umekatiza nati, umeshuka mpaka kwenye hedi. Nikapangusa ya pili. Mstari. Ya tatu. Mstari. Zote.

Kwa wasio mafundi: hiyo ni alama ya mtu makini. Ukishakaza nati kwa kipimo chake, unapiga mstari wa rangi. Nati ikilegea hata nywele moja, mstari unakatika na utaona. Ile ilikuwa mizima yote. Miaka arobaini na kitu, hakuna nati iliyosogea.

Nikasema moyoni, huyu ndiye wa "kazi ya Othieno"?

Nikafungua hedi. Gasketi imekaa sawasawa. Lakini kwenye njia ya maji, aluminiamu imeliwa. Imetobolewa mpaka upande wa oili, shimo la kuingiza ncha ya kidole, kingo zake zimekuwa unga mweupe. Hilo si jambo la wiki moja. Ni la miaka.

Nikamuuliza Twaha, "Hili gari lilikuwa likitiwa maji gani?"

Akanionyesha kisima cha pale uani. Maji yake yana chumvi, ukichemsha birika linabaki na ukoko mweupe. Malori yote ya Haji yalitiwa maji hayo, tangu lile la kwanza. Injini ya lori ni ya chuma, itavumilia. Aluminiamu haivumilii. Mwitaliano alikuwa ameacha madebe ya dawa ya rejeta, yalipoisha likaingizwa kwenye utaratibu wa malori.

Kwa hiyo aliyeua gari ni kisima cha Haji.

Nikamwambia Twaha. Akasema, "Fundi, mzee ana presha. Ameshika hiyo stori maisha yake yote. Wewe tengeneza tu, asikie gari yake, afurahi. Othieno mwenyewe pengine alishakufa."

Na mimi, wakuu, nikakubali.

Hilo ndilo nisilojivunia. Niliiziba ile hedi kwa mikono yangu, nikaipeleka Kisumu ikasawazishwa, nikairudisha. Karibu miezi miwili. Kila siku nakunywa chai ya Haji, kila siku akiniambia, "Wewe ni fundi, si kama yule wa Mukuju," na mimi naitikia, "Asante Haji."

Mungu naye ana njia zake. Injini ilipowaka, ikakataa kutulia. Inakohoa, inapiga makombora, inazima. Ina kabureta mbili kubwa ambazo lazima zivute hewa sawasawa, na mimi kabureta za namna ile nilikuwa nimeziona kwenye video tu. Nikajaribu siku nne. Nikaita fundi wa Eldoret, akajaribu siku moja akakumbuka ana msiba.

Mama mmoja muuza mihogo pale nje ndiye aliyesema, bila hata kuulizwa, "Si muite Othieno? Iko Mukuju, inatengeneza mashine ya kusaga."

Yuko hai. Mwendo mfupi tu kutoka pale, miaka yote hiyo.

Nilienda kesho yake. Nikamkuta mzee mrefu, mwembamba, mikono yake ina unga wa mahindi badala ya grisi. Akanisalimia "Yoga", salamu ya kwao, akanipa kigoda. Nikamweleza mimi ni nani na ninatengeneza gari gani.

Hakuuliza Haji yu hali gani. Hakuuliza nimekuja kufanya nini. Swali lake la kwanza lilikuwa hili:

"Laini zangu nyeupe zilikuwa bado?"

Nikasema, "Zote, Mzee. Hakuna iliyokatika."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, akatazama pembeni. Nikajua huyu mtu amelingoja hilo jibu miaka arobaini.

Kisha akanieleza. "Ile shimo mimi niliona. Nilifungua sababu ya valvu, nikaona hedi imekwisha kuliwa. Nikamwambia Haji, hii hapana kwenda mbali. Maji ya kisima imeua hii. Yeye akasema funga, harusi ni Jumamosi. Nikafunga. Makosa yangu ni hiyo moja tu, kufunga."

"Mbona hukujitetea siku ile, mbele ya watu?"

Akanitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye niliyeonewa. "Yeye iko na lori tano. Mimi iko na spana. Watu itasikia nani?"

Nikamwomba aje anisaidie kabureta. Akakataa bila hasira yoyote. "Kwa Haji mimi nilifukuzwa. Siwezi kuingia kupitia kwa fundi."

Ikabidi nichague. Nikarudi Tororo, sikumtafuta Twaha. Nikaenda kwa Haji mwenyewe na picha ya lile shimo, halafu nikajiona mjinga, maana haoni. Basi nikamletea ukingo niliokuwa nimeukata wakati wa kuziba, kile kipande kilicholiwa. Nilikuwa nimekitunza kwenye kopo, sijui kwa nini. Pengine dhamiri.

Nikamwekea mkononi. Nikamwambia kila kitu: mistari, gasketi, chumvi, kisima. Na kwamba nimelijua kwa miezi miwili nikanyamaza.

Alikipapasa kile kipande muda mrefu, akikigeuza, akipitisha kidole kwenye unga ule. Twaha akatoka ndani, akanitazama jicho la kuniua. Nami nikaanza kuiogopa ile presha.

Haji akasema neno moja.

"Aliniambia."

Akanyoosha kidole upande wa uani.

"Aliniambia hapo, kisimani. Nikasema funga. Halafu watu ikanicheka... Twaha, mimi nilisema uwongo mara moja kwa hasira. Baadaye nikazoea. Baadaye nikaamini."

Twaha akataka kusema kitu, mzee akamnyamazisha kwa mkono. Akauliza siku ya soko Mukuju ni lini. Twaha akamwambia si lazima iwe sokoni, wanaweza kumwita Othieno nyumbani kwa heshima. Haji akakataa kata kata. "Nilimtukana mbele ya watu. Nimwombe msamaha chooni?"

Siku ya soko tukaenda na gari la Twaha. Haji amevaa kanzu yake nzuri na kofia, mkongojo mkononi, mimi nimemshika kiwiko. Othieno alikuwa kwenye mashine yake, wateja wamepanga foleni na mabeseni. Alipomwona Haji akazima mashine. Ghafla pakawa kimya kabisa.

Haji akasalimu watu. Akasema kwa sauti yote aliyobakiwa nayo: "Mimi Haji Juma wa Tororo. Huyu Othieno ni fundi. Gari yangu niliua mimi, kwa maji yangu, na yeye alikuwa ameniambia. Nikamsingizia. Nimekuja kusema hiyo."

Wakuu, niwaambie ukweli. Watu wengi pale hawakuelewa anazungumzia nini. Vijana wawili wakacheka. Mama mmoja akauliza kama mashine imeharibika.

Othieno alimsogelea. Akauliza taratibu, "Haji, wale walisikia siku ile wako wapi?"

Haji akafikiri. "Wengi wamekufa."

"Baba yangu pia. Alikufa anajua mimi naharibu mali ya watu."

Haji akalia, pale pale, mtu mzima wa miaka themanini na zaidi, machozi yanaingia kwenye ndevu. Na mimi nililia, simfichi mtu.

Othieno alimwacha alie. Hakumwambia nyamaza, hakumwambia yamekwisha. Baadaye akavuta kigoda chake mwenyewe, akasema, "Kaa, Haji. Jua ni kali." Akawasha mashine akaendelea kuwasagia watu, na Haji alikaa pale mpaka foleni ikaisha.

Siku ya tatu Othieno akaja Tororo kwa baiskeli. Hakuwa na kifaa chochote isipokuwa kipande cha mpira wa maji, urefu wa mkono. Ncha moja kwenye kabureta, ncha nyingine sikioni. Akasikiliza ya kwanza. Akasikiliza ya pili. Akageuza skrubu robo. Akasikiliza tena. Nilitaka kumwuliza swali, akanyoosha kidole ninyamaze.

Ilimchukua kama saa moja na nusu. Halafu ile injini ikatulia. Ilikuwa sauti nene, laini, inapanda bila kukwama popote. Haji alikuwa kitini kwake. Alifumba macho ambayo tayari hayaoni.

Habari zikaenea mjini. Watu wakaanza kuja kuangalia gari, na Othieno naye akawa anakuja mara mbili kwa wiki kurekebisha hiki na kile, ingawa mimi naona vingi havikuhitaji kurekebishwa.

Na kila mgeni akifika, kabla hajaligusa, Haji anamzuia. "Ngoja kwanza. Hii gari mimi ndiyo niliua. Othieno huyu hapa aliniambia, nikakataa, nikamsingizia. Haya sasa, angalia."

Alimwambia imamu. Aliwaambia madereva wake. Aliwaambia watoto wa jirani waliokuja kujitazama kwenye krome. Siku moja akaja kijana anauza jezi za mpira, hata gari hakulijali, alitaka tu kujua kama pale nyumbani kuna mtu ananunua. Haji akamshika mkono, akamweleza yote tangu mwanzo, kisima, harusi, lori la samaki. Kijana amesimama na jezi zake begani, haelewi amekosa nini.

Othieno akainua kichwa kutoka kwenye boneti.

"Haji. Imetosha."

Haji akageukia ile sauti. "Bado, Othieno. Mimi nilisema miaka arobaini. Hata mwaka sijamaliza."

Othieno akabaki amesimama na kitambaa mkononi. Kisha akarudi kuinama kwenye injini, mabega yake yakawa yanatikisika. Sikuzunguka upande wa pili kuangalia uso wake.

Nilichojifunza, wakuu.

Kwanza la kifundi: injini ya aluminiamu usiitie maji ya kisima. Tafuta dawa yake, ukikosa kabisa, kinga maji ya mvua.

La pili ndilo lililonifanya niandike. Mimi sikumsingizia mtu. Nilinyamaza tu, miezi miwili, nikajiambia namhifadhi mzee wa watu. Lakini ile miezi miwili ilikuwa ya Othieno, si yangu. Kama angefariki ndani yake, leo ningekuwa na gari linalong'aa na siri ya kuzikwa nayo. Na kama mtu mmoja angefungua mdomo miaka ishirini iliyopita, baba yake angekufa anajua mtoto wake ni fundi.

Karibuni mchangie, mnikosoe, mnitukane kwa adabu. Wa kuuliza bei ya gari sitawajibu. Ila wewe unayesoma huku ukijua fulani alisingiziwa, na ushahidi unao, niandikie hapa chini: unangoja nini?